UZI: Bessie Head wa Serowe. Tuache kidogo habari za hospitali ya wagonjwa wa akili, tuzungumze vitabu

#1 – kalamu_kavu

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye ule uzi wa waandishi wa Kusini mtu alimtaja Bessie Head, yule mwandishi aliyetoka Afrika Kusini akaishi Serowe, Botswana, na michango yote iliyofuata ikawa ya aina moja. Kazaliwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mama mzungu, baba mweusi asiyejulikana, naye akaja kuugua akili, akafa mapema. Basi. Hakuna aliyetaja uwele. Hakuna aliyetaja tumbaku wala jamu. Huyu mama kaandika kuhusu kilimo, maji na vyama vya ushirika kuliko mwandishi mwingine yeyote wa riwaya niliyemsoma, lakini tukikaa kumsimulia tunarudi wodini.

Nifungue na hizo habari za kuzaliwa tuzimalize, maana najua mtaziuliza tu.

Alizaliwa tarehe 6 Julai 1937 mjini Pietermaritzburg, jimbo la Natal, Afrika Kusini, mama yake akiwa amelazwa hospitali ya Fort Napier. Mama aliitwa Bessie Amelia Emery, wa familia ya akina Birch, wazungu wenye uwezo wao. Tangu 1927 sheria ya Afrika Kusini ilikuwa inafanya kosa la jinai mzungu na Mwafrika kukutana kimwili nje ya ndoa, kwa hiyo ujauzito ule ulikuwa aibu nyumbani na kesi serikalini. Mtoto akapewa familia ya kizungu kwanza. Ngozi na nywele zilipoanza kusema ukweli, akarudishwa kama mzigo uliokosewa anwani. Akapelekwa kwa Nellie Heathcote, mama wa jamii ya machotara, Mkatoliki, na Bessie akakua akijua huyo ndiye mama yake mzazi. Mama aliyemzaa alifariki 1943 bila mtoto kumfahamu.

Alipokaribia miaka 13 akapelekwa bweni la wamisheni wa Kianglikana, St Monica's, huko Durban. Huko ndiko alikoambiwa, tena kwa ukatili, kwamba Nellie si mama yake, kwamba likizo hatarudi nyumbani, na kwamba mama yake halisi alikuwa mgonjwa wa akili, hivyo na yeye ajiangalie.

Sasa hapa ndipo pa kusimama. Bessie mwenyewe alipokuwa mtu mzima alikuwa akisimulia kwamba mama yake alifungiwa hospitalini KWA SABABU alimpenda mwanamume mweusi aliyekuwa akihudumia farasi wa familia. Ndivyo inavyonukuliwa kila mahali. Waliochimba kumbukumbu wanatuonyesha kitu tofauti. Mama yule alikuwa ameanza kuugua miaka mingi kabla, baada ya mtoto wake wa kwanza kugongwa na gari akafa na ndoa kuvunjika. Na baba wa Bessie hajapata kutambulika mpaka leo, awe wa farasi au wa kazi nyingine. Mimi sioni kama Bessie alidanganya. Alipewa vipande viwili vitatu na mwalimu mkali, akashona vilivyobaki mwenyewe. Mtu asiye na ukoo lazima ajitengenezee.

Nitaendelea. Naomba tusiharibu uzi kwa matani ya rangi.

#2 – MlaVitabu

Nimekaa siti ya mbele mkuu, tiririka.

Swali moja: wakimbizi wengi wa Afrika Kusini miaka ile walikuwa wanakimbilia Dar. Huyu alifikaje Botswana kijijini huko?

#3 – kalamu_kavu

Mkuu MlaVitabu, kwa kifupi: wengi waliokuja Dar walitumwa na vyama vyao. Yeye alifuata tangazo la kazi.

Alikuwa na cheti cha ualimu, akafundisha Durban, kisha 1958 akaacha chaki akapanda treni kwenda Cape Town kuwa mwandishi wa habari kwenye gazeti la Golden City Post. Akakaa District Six, ule mtaa ambao baadaye serikali iliuvunja. Akahamia Johannesburg, akajiunga na PAC, chama cha kupigania uhuru wa weusi, na baada ya mauaji ya waandamanaji ya Sharpeville mwaka 1960 akakamatwa. Kipindi hicho alijaribu kujiua. Siasa za vyama alizipa kisogo karibu moja kwa moja baada ya hapo. Akaolewa na mwandishi mwenzake, Harold Head, 1961. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, Howard. Ndoa haikudumu.

Humo katikati aliandika kitabu kifupi, The Cardinals, kuhusu binti aliyetupwa utotoni anayeingia kazi ya gazeti na kupendana na mwanamume ambaye, bila wote wawili kujua, ni baba yake. Kilikaa miaka 30 bila kuchapwa. Kilitoka 1993, yeye amekwisha kufa.

Mwaka 1964 akaona kwamba shule ya Serowe, Botswana ya leo iliyokuwa bado inaitwa Bechuanaland, inahitaji walimu. Pasipoti akanyimwa. Alichopewa na serikali ya makaburu ni kibali cha kutoka bila kurudi: unavuka mpaka, na siku hiyo hiyo unakoma kuwa raia wa nchi yako. Akavuka na mtoto asiyetimiza miaka miwili.

Shuleni hakudumu, aligombana na mkuu wa shule na mlango wa ualimu ukafungwa. Ndipo mateso ya kweli yalipoanza. Mkimbizi, hana mume, hana kazi, Kisetswana hakijui, na rangi yake wenyeji hawajui waiweke wapi. Alikaa muda kwenye shamba la maendeleo la Bamangwato, yaani Watswana wa Serowe, huko Radisele, akaishi Francistown kwenye jamii ya wakimbizi, akiripoti polisi kama ilivyotakiwa. Botswana ikapata uhuru 30 Septemba 1966, yeye akabaki mkimbizi vilevile.

Kilichomtoa ni makala. Mwaka huo wa 1966 jarida la New Statesman la London lilichapisha kipande chake kuhusu mwanamke mweusi wa Marekani aliyeolewa kijijini kwao. Mhariri wa kampuni ya vitabu ya New York akakisoma, akamwandikia kumwomba riwaya. Riwaya ikatoka 1968: When Rain Clouds Gather. Malipo yake ndiyo yaliyomjengea nyumba ndogo Serowe, na nyumba akaiita Rain Clouds. Humo aliandikia kwa mshumaa, umeme haukuwepo.

#4 – kalamu_kavu

Hicho kitabu cha kwanza kinahitaji bandiko lake peke yake.

Makhaya, kijana aliyetoka jela ya Afrika Kusini, anaruka uzio wa mpaka usiku. Anaokotwa na mzee Dinorego na kupelekwa kijiji kiitwacho Golema Mmidi. Huko yupo Mwingereza, Gilbert, mtaalamu wa kilimo mwenye mawazo mengi kuliko fedha. Kuna mjane Paulina Sebeso. Kuna bibi Mma-Millipede, Mkristo mwenye moyo mpana kuliko kanisa lake. Na kuna Matenge, jumbe wa pale, ambaye maendeleo ya mtu mwingine yanamnyima usingizi.

Ukisikia hivyo unadhani ni hekaya ya wema dhidi ya ubaya. Lakini angalia anavyolijenga tatizo. Nchi ni kame. Wanaume wako mbali kwenye moraka, yaani kambi za ng'ombe, miezi mingi. Mashamba ni ya wanawake. Kwa hiyo wataalamu wa serikali wakija kufundisha kilimo wanamfundisha mwanamume, ambaye halimi. Gilbert anataka watu wapande uwele kwa sababu unastahimili ukame, lakini uwele unadharauliwa: ni chakula cha kabila dogo lililo chini. Watu wanalima mahindi na mtama unaokufa kwa jua ili mradi wasionekane wanakula cha watumwa wao. Mwaka ule kitabu kinatoka, ni nani mwingine katika fasihi ya Afrika aliyekuwa anaeleza njaa kwa namna hiyo? Wengi wetu tulikuwa bado tunamshtaki mkoloni, na yeye anamshtaki pia, lakini anaingia mpaka chunguni.

Suluhisho lao ni tumbaku ya kuuza kwa ushirika, na Makhaya ndiye anayewafundisha wanawake kuilima na kujenga vibanda vya kuikaushia.

Halafu ukame unakuja. Ng'ombe wanakufa, tai wanazunguka. Mtoto wa Paulina, Isaac, kavulana kadogo kanakochunga peke yake moraka, hakarudi. Wanakwenda na gari kumtafuta. Wanakuta mifupa kibandani, na sanamu ndogo za mbao alizokuwa akizichonga. Nimesoma vifo vingi vitabuni. Hiki Bessie anakipa kurasa chache tu, bila kilio cha kuigiza, na ndiyo maana kinakaa.

Na mwisho wa Matenge! Anamwita Paulina aje kushtakiwa. Kijiji kizima kinamsindikiza, wanaume kwa wanawake, wanakaa chini kwenye ua wake kimya, wanasubiri. Hawana silaha, hawapigi kelele. Jumbe anawachungulia toka ndani, anashindwa kutoka, anajinyonga. Naona wahakiki wengine wanasema ni rahisi mno, kwamba watawala wa kweli hawajinyongi kwa sababu raia wamekaa uani. Kweli hawajinyongi. Lakini soma tena uone kinachomuua ni nini. Maisha yake yote hakuwahi kuwaona wakiwa pamoja.

#5 – mwl_mstaafu

Kijana, umenikumbusha mbali. Nilifundisha enzi za Elimu ya Kujitegemea, na ninapokusoma kuhusu ushirika na wataalamu wa kilimo naona vijiji vyetu vya ujamaa kabisa. Je, huyu mama alikuwa mjamaa? Maana kama ndivyo, tunajua vilevile kijiji cha ushirika kinavyoweza kuharibika mtendaji akija na bunduki.

#6 – kalamu_kavu

Shikamoo mwalimu. Swali zuri sana.

Mjamaa wa kadi hakuwa. Lakini Serowe palikuwa na mtu aliyemvutia mno, Patrick van Rensburg. Huyu alikuwa kaburu, ofisa wa ubalozi mdogo wa Afrika Kusini kule Leopoldville, Kongo ya Wabelgiji, akaacha kazi 1957 kwa kupinga ubaguzi wa nchi yake. Alipofika Serowe akaanzisha shule ya Swaneng Hill mwaka 1963, ambako wanafunzi walikuwa wanajenga madarasa yao wenyewe. Kisha vikosi vya ufundi kwa vijana waliokosa nafasi za sekondari: ujenzi, ukulima, ushonaji, unajifunza na kazi inalipia masomo. Yaani miaka michache kabla ya waraka wa Mwalimu Nyerere wa 1967, wazo linalofanana nao lilikuwa linajaribiwa huko jangwani. Baadaye kikaja kikundi cha Boiteko, watu wazima wa kijiji wakizalisha na kubadilishana kazi. Bessie alikuwa kwenye bustani ya Boiteko. Alilima mboga, akatengeneza na kuuza jamu ya lile tunda dogo la njano linalojifunga ndani ya ganda jembamba kama karatasi.

Tofauti na kwetu, mwalimu, ni hiyo uliyoigusa: hakuna aliyehamishwa kwa lori. Lakini usidhani mambo yalinyooka. Wazazi wengi walilalamika kwamba wamewapeleka watoto shule wawe makarani, sio waashi. Malalamiko hayo nadhani unayafahamu kuliko mimi.

#7 – dada_wa_pwani

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimesoma Maru chuoni na nikabaki na kinyongo. Wote humu mtamsifia mleta mada, acha niseme mimi.

Ile hadithi: Margaret ni Msarwa, yaani wa watu wa asili wa Kalahari ambao Watswana waliwafanya watumwa. Mama yake alikufa njiani akijifungua, akalelewa na mke wa mmisheni aliyempa jina lake mwenyewe. Amesoma, ni mwalimu, anakuja kijiji cha Dilepe. Kwa sura anaweza kupita kama chotara na asiulizwe kitu. Akiulizwa anajibu waziwazi, mimi ni Msarwa. Sawa kabisa, hapo nilimpigia makofi.

Halafu wanakuja wanaume wawili marafiki, Moleka na Maru, wote wakubwa wa kijiji, wote wanampenda. Margaret anampenda Moleka. Maru anapanga njama, anatumia wapelelezi, anahakikisha Moleka anaishia kumwoa dada yake, Dikeledi, kisha anamchukua Margaret ambaye moyo umemvunjika na kwenda naye mbali, na sisi tuambiwe huo ni ukombozi wa Wasarwa. Nani kamuuliza Margaret? Msichana anasema sentensi moja ya ujasiri mwanzoni halafu kitabu kizima kinaamuliwa na chifu. Nimemaliza.

#8 – kalamu_kavu

Dada, hukukosea kusoma. Njama za Maru hata mimi zinanikera, na nadhani mwandishi alimpenda mno yule mwanamume wake. Alikuwa na udhaifu huo, wa kutaka mtu mkubwa mwenye roho kubwa aje anyooshe mambo.

Nina mawili tu ya kuongeza. Angalia michoro. Margaret anachora, na anachochora ni wanawake wa kawaida kazini, na hizo picha ndizo zinazobadilisha watu kabla Maru hajagusa chochote. Pili, kitabu kinaanzia mwishoni: ukurasa wa kwanza Maru si chifu tena, analima, na hana amani, hana hakika kama mke wake anamwota Moleka. Anayeshinda kwa njama Bessie hakumpa ushindi mtamu. Lakini swali lako, nani kamuuliza Margaret, halijibiwi na kitabu, na sitalijibu mimi.

Kwa wasiojua: kilitoka 1971, na Wasarwa wa Botswana wamekuwa na kesi zao na serikali kuhusu ardhi hata karne hii. Si jambo lililokwisha.

#9 – dada_wa_pwani

Hiyo ya michoro nakupa. Mengine bado.

#10 – MlaVitabu

Sasa mkuu utakwepa mpaka lini? Tuambie kuhusu A Question of Power. Nilikianza mara mbili nikakitupa. Mtu wa ajabu anatokea, anakaa kitini, anageuka, anatokea mwingine. Sikuelewa nani yupo na nani hayupo.

#11 – kalamu_kavu

Sikwepi, nilitaka kwanza watu wajue bustani ipo.

Ukweli wa maisha ni huu. Kuanzia mwisho wa miaka ya sitini Bessie aliugua. Ilifika mahali akabandika tangazo kwenye ukuta wa posta ya Serowe lenye tuhuma nzito zisizo na msingi dhidi ya Rais Seretse Khama. Fikiria, mkimbizi, na Serowe ndiko nyumbani kwa ukoo wa Rais. Akakamatwa, mwaka 1971 akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lobatse kwa miezi kadhaa. Nchi nyingine nyingi zingemvusha mpaka usiku huohuo. Botswana ilimtibu ikamrudisha nyumbani kwake. Hilo nalo tuliseme, maana tunapenda kusema alivyoteswa tu.

Akatoka, akakaa, akaandika. Wachapishaji kadhaa walikikataa kitabu. Kikatoka 1973.

Ndani yake Elizabeth, mwanamke chotara kutoka Afrika Kusini, anaishi na mtoto wake wa kiume kwenye kijiji cha Motabeng. Usiku anatembelewa. Anakuja Sello, mwenye joho jeupe kama mtawa. Anakuja Medusa, mwanamke wa kutisha anayemwambia wewe si Mwafrika kamili, hapa si kwenu. Kisha Dan, ambaye ni mbaya kuliko wote, anamletea mlolongo wa wanawake mbele ya macho yake kumdhalilisha. Sello na Dan ni majina ya watu halisi wa kijijini ambao Elizabeth anawafahamu kwa mbali, ndiyo maana unachanganyikiwa: mchana unamwona mtu na shati lake, usiku unamwona yuleyule ni pepo. Bessie hakutuwekea alama ya kutuambia sasa ni ndoto. Hata yeye hakuwekewa.

Ushauri wangu wa kukisoma: shika bustani kama kamba. Kila sura inapozama, tafuta Kenosi. Ni mwanamke wa kijiji, hasemi sana, anakuja asubuhi na jembe, anamwambia Elizabeth twende. Kuna Tom, kijana Mmarekani wa kujitolea, anakula chakula kingi na kubishana. Kuna nyanya, kabichi, kuna hesabu za jamu ngapi zimeuzwa. Kurasa hizo za mboga wasomaji wengi wanaziruka wakidhani ni za kupumzikia. Mimi naona ndizo hoja ya kitabu. Walioko usiku wanamwambia Elizabeth yeye ni nani katika vita vya miungu. Kenosi anamwambia miche ya leo itamwagiliwa saa ngapi.

Na jambo jingine. Watu wanakisoma kama ripoti ya daktari. Lakini yale mateso yanauliza swali la kisiasa: madaraka yanamfanyaje mtu, hata mtu aliyeonewa? Medusa hatoki Ulaya. Anamhukumu kwa Uafrika. Bessie alikuwa amefukuzwa na wazungu kwa sababu si mzungu, akafika kwa weusi akaambiwa si mweusi wa kutosha, na hakutaka kuchagua kati ya hao wawili nani amsamehe. Ndiyo maana wanaharakati wengi wa wakati ule hawakujua wamfanyie nini. Riwaya ya mkimbizi wa makaburu, halafu ndani yake Mwafrika naye anahojiwa?

#12 – msafiri_wa_kusini

Nimeishi Gaborone miaka kadhaa, niongeze ya kule.

Serowe wanaiita kijiji lakini usifikirie kijiji cha nyumba kumi na mti. Ni makao makuu ya Bamangwato, maelfu ya watu, kata kwa kata, kila kata na kgotla yake, lile baraza la wazi lenye ukuta wa magogo. Chifu wao Khama III alihamisha makao toka Shoshong kwenda Palapye ya zamani 1889, kisha Serowe 1902, kila mara maji yanapoisha. Kuna jumba la makumbusho la Khama III, na humo ndimo zilimo karatasi za Bessie. Alikuwa akiandika barua kwa mashine ya taipu na kubaki na nakala ya kaboni ya karibu kila barua. Mamia kwa mamia. Anamwandikia mhariri London kudai malipo yake, ukurasa unaofuata anamweleza rafiki kuhusu kuku. Mkali kwelikweli kwenye fedha, na alikuwa na haki.

Mleta mada usisahau kile kitabu cha mahojiano.

#13 – kalamu_kavu

Asante sana msafiri. Nilikuwa nakuja huko.

Serowe: Village of the Rain Wind kilitoka 1981 ingawa kazi aliifanya miaka ya sabini. Alitembea kata kwa kata akihoji wazee, waganga, walimu, mafundi wa vyungu, vijana wa vikosi. Kakipanga kwa watu watatu: Khama III, mwanawe Tshekedi Khama, na van Rensburg. Khama ndiye aliyefuta mahari, akafuta jando, akapiga marufuku pombe, na 1895 akasafiri na machifu wenzake Sebele na Bathoen hadi London kuzuia nchi yao isikabidhiwe kampuni ya Cecil Rhodes. Wakafaulu kwa sehemu kubwa. Ninachokipenda ni kwamba Bessie hamwachi mfalme aongee peke yake. Bibi mmoja anakuja anakuambia mahari ilipofutwa nini kilitokea kwa wasichana, na picha ya Khama Mkuu inapata ufa.

Ufa huohuo ndio unaokuwa hadithi kwenye The Collector of Treasures ya 1977. Huu ni mkusanyo wa hadithi fupi, na kama una jioni moja tu ya kumpa Bessie Head, mpe hadithi iliyobeba jina la kitabu. Dikeledi Mokopi ametelekezwa na mume, Garesego, karani wa serikali ambaye uhuru umemwongezea mshahara na wanawake. Kalea watoto watatu peke yake kwa kushona na kusuka, mikono yake inajua kila kitu. Mtoto mkubwa anafaulu darasa la saba, inapungua ada. Anakwenda kwa mume kuomba. Mume anamwambia kaombe kwa yule jirani anayekulisha. Kisha analeta ujumbe kwamba anarudi nyumbani, aandaliwe chakula na maji ya kuoga. Dikeledi anaandaa vyote viwili, na kisu.

Sitawamalizia. Niseme tu kwamba hadithi inaanzia gerezani, na wanawake wengine anaowakuta humo wana kesi kama yake.

Katikati Bessie anasimamisha hadithi na kutoa somo: mwanamume wa enzi za jadi, aliyepewa ukubwa na mila, mwanamume wa enzi za ukoloni, aliyepelekwa migodini Johannesburg na kuitwa boi, mwanamume wa uhuru, aliyepokea mshahara bila kuwa na chochote ndani cha kumwongoza. Walimu wa uandishi watakuambia usisimamishe hadithi kutoa somo. Hapa inafaa, na sijui inafaaje.

#14 – kibaraza_cha_kahawa

Kwa hiyo alikuwa anachukia wanaume? Maana mume kakatwa, jumbe kajinyonga, Dan ni pepo.

#15 – dada_wa_pwani

Kaka, ndani ya hadithi hiyohiyo yupo jirani, Paul Thebolo, anayempenda mkewe, anayekaribisha watu kwake jioni kuzungumza siasa, na anayeahidi kuwalea watoto wa Dikeledi kama wake na kuwasomesha. Soma kwanza. Mimi ndiye mwenye ugomvi na huyu mwandishi humu na hata mimi siwezi kumsingizia hilo.

#16 – kalamu_kavu

Dada kanisaidia.

Nifunge habari za maisha. Mwaka 1977 alialikwa Marekani, kwenye programu ya kimataifa ya waandishi ya Iowa. Alisafiri na karatasi za mkimbizi, maana ombi lake la uraia wa Botswana lilikuwa limekataliwa. Miaka miwili baadaye, 1979, akapewa uraia, miaka 15 baada ya kuvuka mpaka. Alipokea mialiko Ulaya na kwingine, jina likakua, fedha hazikukua. Alikunywa sana miaka ya mwisho. Alifariki Serowe tarehe 17 Aprili 1986 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 48, wakati alikuwa anatarajiwa kuandika kitabu cha maisha yake. Afrika Kusini iliyomfukuza ikampa nishani ya Ikhamanga ya dhahabu mwaka 2003, na maktaba kuu ya Pietermaritzburg ikapewa jina lake. Pietermaritzburg hiyohiyo.

#17 – mwl_mstaafu

Marehemu Kezilahabi naye alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Botswana kuanzia miaka ya tisini. Bessie alikuwa amekwisha fariki. Ningetamani wangekutana, maana riwaya yake ya Nagona na hicho kitabu cha Elizabeth nadhani wangeelewana.

Niambie sasa nianzie wapi, macho yangu si ya kupoteza tena.

#18 – kalamu_kavu

Mwalimu, hapo kwenye Nagona umenigusa, hiyo ni mada ya uzi mwingine na nitakusubiri wewe uifungue.

Anza na When Rain Clouds Gather. Kisha hadithi fupi. Kisha Serowe, usikisome kwa mfululizo, chukua mzee mmoja kila siku. Ndipo uingie A Question of Power, ukiwa tayari unaijua bustani na unajua Kenosi ni mtu wa aina gani. Maru weka popote, ni kifupi, na ukimaliza mtafute dada_wa_pwani.

Riwaya ya mwisho aliyoitoa akiwa hai, A Bewitched Crossroad ya 1984, iache mwishoni. Ni historia ya Khama na ukoo wa Sebina waliohamia kwake, imejaa mikataba, tarehe na barua za watawala, na kuna mahali mwandishi wa riwaya anazidiwa na mtunza kumbukumbu. Ukichoka na akina Rhodes, ruka ufuate kurasa za mzee Maruapula wa Sebina. Hizo Bessie hakuzinakili popote.

#19 – MlaVitabu

Mkuu, nakichukua kile nilichokitupa, safari hii naanza kwa kumtafuta Kenosi. Yuko ukurasa wa ngapi?

#20 – kalamu_kavu

Sikutajii. Pitia kwanza kwa Sello.